Sauti ya Santing kwenye Namba ya Kumi na Moja

Niliisikia sauti ya mume wangu sokoni Divisoria, Jumatatu asubuhi, nikiwa nampimisha mteja ndara. Na mume wangu wakati huo alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Usinicheke. Mimi si mtu wa kuona mashetani kwenye kila pazia, hiyo ni kazi ya mama mkwe wangu na anaiweza. Mimi nauza ndara za plastiki. Nina meza yangu na nina ulimi wangu, na mteja akinifanyia ujanja namfuata mpaka barabarani. Lakini sauti ile niliijua, maana nililala nayo kitanda kimoja miaka sita.

Jirani yangu wa meza anauza kanda na CD. Asubuhi ile alifungua mzigo mpya: Bora 16, Namba ya Kumi na Moja, yenye picha ya msichana amekaa juu ya pikipiki nyekundu. Mnazijua hizi. Nyimbo kumi na sita zinazovuma dunia nzima, za pop na za rock, zote ndani ya CD moja, kwa bei ya sahani mbili za tambi. Nyuma, kwa herufi za kukodolea macho, wameandika "zimeimbwa na wasanii mbalimbali". Nani anasoma nyuma? Mtu anafika nyumbani, anaweka, anaimba na Wamarekani wake, roho inatulia. Kumbe Mmarekani mwenyewe ni Santing wangu, yuko mtaa wa Cubao, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuua mwangwi, kavaa kaptula na taulo begani.

Santing, jina lake la ubatizo Crisanto, aliimba kuanzia Namba ya Kwanza mpaka ya Saba. Kila namba siku nne, nyimbo kumi na sita, basi. Ukitaka mzungu mwenye koo la mchanga, yeye. Ukitaka kijana anayelilia mapenzi, yeye. Likija kundi la wavulana watano, wote watano yeye, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na kibao cha meno mawili ya bandia mbele, kimelegea, na kila akimaliza kuvuta sauti ndefu kibao kilirudi mahali pake: tk. Mang Doro, mzee mwenye studio, aligombana naye juu ya hiyo tk mpaka akachoka, akaiacha.

Mwaka 2000 mafuriko yakaja. Santing akavuka maji machafu kwenda kuimba, mguu una kidonda. Homa ikampiga siku tisa. Nikamzika na meno yake.

Sasa wimbo uliokuwa ukipigwa pale mezani kwa jirani ulitoka Amerika mwaka jana tu. Mwaka jana! Watoto wa shule walikuwa wanauimba njia nzima. Nikasimama na ndara mkononi. Sauti ikapanda, ikavutwa, ikavutwa, ikakatika.

Tk.

"Perling, una nini?" jirani akauliza. "Umekuwa mweupe kama uji wa mgonjwa."

"Nipe hiyo CD."

"Lipa kwanza."

"Nitakulipa kofi!"

Akanipa.

Hapa niseme kilichokuwa kinanila. Nina binti, Tinay, miaka mitano na nusu. Baba yake alipokufa alikuwa na miaka miwili. Nyumbani tulikuwa na zile kanda zote saba, na Tinay alikuwa akikaa chini mbele ya redio, magoti kifuani, anasikiliza. Siku moja akaniuliza, "Mama, baba ni yupi kati ya hawa?" Nikamwambia wote. Akafikiri, akasema, "Basi hakuna."

Na alisema kweli. Tulifunga ndoa kwa karani, hakuna aliyetupiga video. Kwenye karaoke Santing aliigiza, kwa jirani aliigiza, hata padri alimwigiza. Sauti yake mwenyewe, ya kuombea chumvi mezani, haikuwa mahali popote duniani. Baada ya mazishi nilikwenda kwa Mang Doro nikamwangukia: nipe hata tepu moja alimopiga porojo kati ya wimbo na wimbo. Akasema tepu zote wameshazirekodi juu yake. Nilitaka neno moja tu la mwanangu kumjua baba yake. Neno moja! Watu wanaomba nyumba, mimi naomba neno.

Kwa hiyo siku ile nilifunga meza, nikapanda mpaka Cubao, nikasukuma mlango wa studio bila hodi.

"Eh, Perling," Mang Doro akasema, "umenenepa."

"Na wewe umekonda roho. Santing umemtoa wapi?"

Hakujifanya hajui, hilo nampa. Alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilidhani ungekuja Namba ya Tisa."

"Ulinificha tepu!"

"Tepu gani? Wimbo wenyewe hata haukuwa umetungwa alipokufa. Kaa chini. Yupo ndani, anaimba. Ukipiga kelele nakutoa."

Nikachungulia kwenye kioo. Ndani alisimama mama mmoja mfupi, mnene, wa miaka arobaini na kitu, nywele kafunga kwa kibanio cha nguo. Amevaa duster ya maua, gauni pana la kufulia. Mikono imetulia tumboni kama yuko kwenye foleni ya mchele. Mang Doro akabonyeza, ngoma zikaanza, magitaa yakaingia, na yule mama akafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya Santing.

Nasema kweli. Haikuwa kufanana. Kufanana nakujua, nimekaa na bingwa wa kufananisha. Kulikuwa na ile pumzi anayoiba Santing kabla ya kiitikio, pale anapochoka na hataki ujue. Sauti ikavutwa, ikafika mwisho. Tk. Mang Doro akajipiga ishara ya msalaba bila kutazama, kama mtu anayejikuna. Nikaona ameshaizoea.

Alipotoka nilimzuia mlangoni. "Mama, fungua mdomo."

"Jamani! Wewe ni daktari wa ng'ombe?" Sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba, ya kikekike, ya mtu wa kuita kuku.

"Fungua, nakuomba."

Akafungua. Meno yake yote yalikuwapo, meupe, yamejipanga, hakuna hata la kuziba.

Jina lake Aling Sabel, mfua nguo kutoka kisiwa cha Samar. Alinisimulia huku anakula mkate wake, hana wasiwasi. Alikuwa na kanda moja tu maishani, Bora 16, Namba ya Tatu, aliyoikuta kwenye mfuko wa suruali ya mteja aliyehama. Aliipiga miaka minne akifua. Alidhani wale ni Wamarekani wenyewe. Akajifunza kila pumzi yao, na ile tk aliamini ndiyo mtindo wa huko, kwamba waimbaji wakubwa wote wa rock wanamalizia hivyo. Akashinda mashindano ya sikukuu ya kijiji chao, watu wakamchangia nauli.

"Na tk inatokaje, bila meno ya bandia?" nikamuuliza.

Akaacha kutafuna. "Sijui, dada. Siifanyi mimi. Nikianza kuimba naisikia tu."

Mang Doro aliinuka akaenda kuwasha feni iliyokuwa imeshawaka.

Ndipo nikamwomba. Nikamweleza Tinay, kanda saba, "basi hakuna", yote. Nikamwambia: usiimbe, sema tu. Sema kwa sauti hiyo, "Tinay, ni baba." Maneno matatu, nikushukuru mpaka kufa.

Alikataa. Alikataa vizuri, kwa adabu, kanishika mkono. "Dada Perling, nikiimba inakuja yenyewe, wimbo ukiisha inaondoka. Wimbo una mwisho wake. Kuongea nayo sijawahi, na kuongea hakuna pa kuishia. Mimi nina watoto watatu kule nyumbani, wako na bibi yao. Kila Jumamosi saa kumi nawapigia. Mdogo, Ompong, siku hiyo halali bila kunisikia."

Mtu mwenye utu angeishia hapo. Mimi nilirudi Jumanne. Nikarudi Alhamisi na sufuria la uji wa kuku. Nililia, nikambembeleza, nikamwambia wako wanakusikia kila wiki, wangu je? Hilo ndilo lililomvunja. Nililisema kwa makusudi, nikijua litamvunja, na lilimvunja.

Jumamosi mchana akaja kwangu. Mvua ilikuwa imekatika na bati linatoa mvuke. Nilikuwa nimemvisha Tinay gauni la kanisani. Tukakaa sakafuni, magoti kwa magoti, Aling Sabel akaweka simu yake ndogo pembeni, akafumba macho. Akaanza kuimba polepole wimbo wa kwanza wa Namba ya Tatu, ili kuiita ile sauti. Ikaja. Tinay akainua kichwa, anaujua wimbo. Katikati ya kiitikio Aling Sabel akaacha kuimba, lakini hakufunga mdomo.

"Nani huyu," akasema, "kaniletea nyuki ndani ya nyumba?"

Hayo sikumfundisha. Hayo sikuwahi kumwambia mtu. Santing alikuwa akiyasema kila jioni mlangoni, akivua viatu, kwa sababu Tinay alipokuwa mchanga alikuwa anavuma peke yake kitandani, mmm, mmm. Na ilikuwa sauti yake hasa, ya kuombea chumvi, ya chini, ya taratibu, yenye usingizi. Nilikuwa nimeshaisahau. Miaka mitatu najidanganya kwamba naikumbuka, kumbe nilikuwa nakumbuka kitu kingine kabisa.

Tinay hakuogopa hata kidogo. Alitambaa mpaka mapajani mwa yule mama, akaweka sikio kifuani pake.

"Ni mimi," akasema. "Nyuki ni mimi."

"Ooo. Nilifikiri wamehama."

Akacheka, mwanangu. Walizungumza, sijui, dakika kumi. Jino lake lililotoka. Paka wa jirani. Nililia huku nimeuma foronya ya mto nisiwakatize. Furaha nimeshawahi kuipata, lakini ile ilikuwa nyingine, ilikuwa inauma.

Kisha Aling Sabel akafumbua macho. Akajisafisha koo.

"Inatosha, dada. Nipe maji," akasema.

Aliyesema ni Santing.

Tukatazamana. Akacheka kidogo, kicheko cha Santing. Akanywa maji, glasi nzima, akajaribu tena: "Moja. Mbili. Jina langu Sabel." Akajaribu kuimba wimbo wa kanisa, wa wanawake. Ukatoka kwa sauti ya mume wangu. Akajishika koo kwa mikono miwili, anakamua, kama anayetafuta kitu kilichoanguka ndani.

"Iishie wapi?" akaninong'oneza. Hata mnong'ono ulikuwa wake Santing. "Nilikuonya, dada. Nilikwambia hakuna pa kuishia."

Simu ikalia. Saa kumi imepita. Aling Sabel alikuwa amechelewa kupiga, na bibi wa watoto wake amewapigia yeye.

Aliitazama ikilia mara tatu, nne. Akaipokea. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu.

"Mama?" Sauti ya mtoto, na jogoo nyuma yake.

"Ompong, mwanangu. Ni mama."

"Nani wewe?"

"Ni mama, kipenzi. Ni mafua tu. Umekula?" Maneno yalikuwa ya mama mtu na sauti ilikuwa ya mwanamume, na kadiri alivyoyalainisha ndivyo ilivyozidi kuwa ya mwanamume.

"Mjomba," yule mtoto akasema, kwa heshima, kama walivyomfundisha, "tafadhali mpe mama simu."

"Ompong, nisikilize..."

"Mpe mama simu!" Akaanza kulia, kisha tukamsikia akikimbia kumwita bibi, kwamba kuna mwanamume kachukua simu ya mama.

Aling Sabel aliishika simu sikioni hata baada ya kukatika. Machozi yalimdondokea kwenye duster, na hakutoa sauti, alikuwa anaiogopa. Aliponitazama hakukuwa na hasira usoni mwake, na afadhali ingekuwapo. Alikuwa anasubiri tu niseme la kufanya.

Tinay alimvuta mkono. "Baba," akasema. "Sema tena ile ya nyuki."

Nilipaswa kumwondoa mwanangu pale. Nilipaswa kumwambia aende akacheze nje, nimshike yule mama, nimpigie magoti, tumtafute padri, daktari, yeyote. Mungu anaona, nilijua la kufanya.

Nilimsogeza Tinay karibu zaidi.