Mkwe Ndani ya Kabini

Fundi wa Nuhu, mtu wa kusema “kesho, kesho” kila siku, alikuwa hajamaliza kuchomelea bomba la moshi la lori, lakini Nuhu alipaswa kumchukua mkwewe, Mama Siti, kutoka Lubondja. Bomba liliishia chini ya kiti, na kelele zake zilipasua masikio. Mama mkwe aliongea njia nzima. Nuhu hakusikia neno, na mkwe hapigiwi makelele ili arudie; basi kila alipogeukiwa, aliitikia kwa kichwa.

Walipofika mjini Baraka, Nuhu alizima injini mbele ya nyumba yake.

“Afadhali hufichi, mutoto wangu,” alisema Mama Siti. “Nimekuuliza mara tatu juu ya yule mwanamuke wako wa Nundu, mara tatu umekubali.”

Nuhu hakuwa na mwanamke Nundu. Lakini lori lilikuwa kimya sasa, na mkewe Siti, aliyetoka nje kumpokea mama yake, alikuwa amesikia kila neno.