Madirisha Yaliyogeuzwa

Donatien hakuwa na diploma. Hakuwa na gari, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na kaka yake Adrien, aliyeuawa wakati wa vita vya mwaka 2003 na risasi iliyopita dirishani. Na katika mtaa mzima wa Rwambuzi, mjini Bunia, hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekosea ukuta, maana kuta za Donatien zilisimama wima na kila mtu alizijua.

Nyumba aliyojivunia kuliko zote ilikuwa ile ya wanawake kujifungulia, materniti ya kituo cha afya. Mwezi wa pili wa mwaka 2011 aliitwa huko kutengeneza kitasa cha mlango. Ilikuwa saa tisa za mchana. Kavira, mama wa usafi, alimpokea mlangoni.

"Muzee Donatien, siye tuliomba materniti. Juu ya nini ulitujengea furu ya kuchomea mukate?"

Wanawake vitandani wakacheka. Véronique, muuguzi, hakucheka. Alikuwa mmoja wa wale waliokimbia vijiji vya Djugu na kujenga vibanda kaskazini mwa kituo, ng'ambo ya bonde. Ndani ya mwezi mmoja watoto wachanga wanne walikuwa wameshikwa na homa mikononi mwake, na wa nne alipata degedege, akapelekwa hospitali kubwa. Alikuwa bado huko. Kamati ya kituo ilisema Véronique hanawi mikono. Ijumaa ingekaa kuamua kama afukuzwe.

"Papa Donatien, angalia," alisema, akamfungulia daftari la joto. "Asubuhi, 37. Saa tisa, 38 na nusu. Usiku, 37 tena. Na ni vitanda hivi vitatu tu. Kama niko muchafu, uchafu yangu inajua saa?"

Vitanda vitatu vilikuwa chini ya madirisha ya magharibi. Jua lilikuwa limeshuka chini ya ukingo wa bati, likaingia moja kwa moja mpaka kwenye mito. Donatien aligusa chuma cha kitanda, akaondoa mkono upesi.

"Weka rideau," alisema.

"Rideau iko. Shika."

Pazia lilikuwa moto kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Donatien alijua kwa nini. Miaka minne alisoma darasa la jioni baada ya kazi, na humo alijifunza kwamba jua likishapita kioo, joto limekwisha kuingia nyumbani. Pazia linalipokea na kulimwaga chumbani. Jua huzuiwa nje. Tena hapa petu, karibu na ikweta, jua la adhuhuri liko juu ya paa, na kwa dirisha la kaskazini au la kusini ukingo mfupi wa bati unatosha. Jua la mashariki na la magharibi ndilo linalokuja chini chini, na ukingo haulizuii. La asubuhi Bunia halina nguvu. La mchana linachoma.

Martine wa Kisangani, aliyechora ramani ya materniti, aliyajua hayo. Katika plan yake madirisha yalikuwa kaskazini na kusini. Lakini mwaka 2009, siku ya kupima msingi, Donatien alisimama na kamba mkononi, akatazama vibanda vya watu wa Djugu. Risasi iliyomuua Adrien ilitoka upande ule. Akageuza nyumba robo ya duara. Ukuta mtupu ukawaelekea wale watu, madirisha yakaenda mashariki na magharibi. Dominique, rais wa kamati, alipita, akaona, akasema, "Vizuri." Katika ripoti waliandika kwamba plan imefuatwa. Martine hakuja kukagua. Barabara ya Mambasa, ambayo angepita, haikuwa salama.

Jioni ile Donatien alikwenda kwa Dominique.

"Homa inatoka kwa madirisha," alisema. "Haitoki kwa ule mama."

Dominique aliweka kikombe chini. "Sasa weye umekuwa dokta?"

"Niko mwashi. Jua naijua."

"Basi watakuuliza juu ya nini uligeuza nyumba. Utajibu nini? Sema, nisikie."

"Niliigeuza juu ya..." Donatien alianza, akaishia hapo.

"Unaona? Hata kwangu haiwezi kutoka. Watasema siye tulijenga nyumba ya kuwapa bale batu ba Djugu mugongo. Miaka hii ya kimya unaiona ndefu? Fanya na mikono, acha kinywa."

Basi akafanya na mikono. Alikata matete bondeni, akasuka mikeka mitatu, akaitundika nje ya madirisha ya magharibi, mbali kidogo na kioo ili upepo upite katikati. Siku ile ile, Jumatano, saa tisa aliweka kiganja kwenye chuma cha kitanda, kikakaa bila kuungua. Hakuna mtoto aliyepata homa siku hiyo, wala Alhamisi. Véronique hakuwepo, Donatien alidhani ni zamu yake ya kupumzika. Alirudi nyumbani akijiambia kwamba jambo limekwisha bila neno.

Ijumaa kamati ilikaa katika chumba cha mbele cha materniti, watu saba, naye akiwa mmoja wao. Dominique alisimama na daftari la joto.

"Jumatano asubuhi nilimusimamisha Véronique kazi. Tangu siku ile, homa zéro! Vitanda ni vile vile, chumba ni ile ile. Nani anataka ushahidi ingine?"

"Matete," Donatien alisema. "Nilitundika matete."

"Na inapendeza, Papa, tunakushukuru," alisema Bernadette aliyekaa kando yake. "Hata kwangu utakuja kupamba."

Wakacheka. Dominique alikuwa akimtazama tu. Donatien angeweza kusema lililobaki, la nyumba iliyogeuzwa. Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine. Wa saba ulikuwa wake.

Véronique alikuwa ameketi nje kwenye ngazi, na mlango ulikuwa wazi.

"Papa, na weye?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Akaenda zake, akaizunguka nyumba nzima, kwa sababu upande wa kwao haukuwa na mlango wala dirisha.

Jumamosi asubuhi Donatien alikaa mezani kumwandikia daktari mkuu mjini, ambaye ndiye angetia sahihi ya kumfukuza. Kwanza aliandika kwamba aligeuza nyumba kwa ajili ya upepo. Akaisoma, akaichana. Akaanza upya:

"Bwana Daktari, mimi ndiye niliyegeuza materniti. Plan ilikuwa nzuri. Niliigeuza kwa sababu sikutaka madirisha yawatazame watu wa Djugu. Jua la saa tisa ndilo linalowapa watoto homa, si mikono ya Véronique. Ukitaka kuhakikisha, hamisha watoto, ondoa matete yangu, acha kipimajoto juu ya kitanda cha pili mpaka saa kumi. Kesho yake rudisha matete, upime tena. Jana nami niliinua mkono afukuzwe. Naomba mkono huo usihesabiwe. Ukuta wa kaskazini nitautoboa mwenyewe."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Alichukua bugali kidogo chunguni, akapaka, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

Mbusa, aliyepeleka barua za kituo mjini kila Jumamosi, alikuwa tayari juu ya pikipiki.

"Umechelewa, muzee. Ya Muzee Dominique iko ndani ya mufuko tayari."

"Daktari anaanza kusoma gani?"

"Ile iko juu."

Donatien aliweka yake juu, akafunga mkanda wa mfuko mwenyewe, akasogea kando pikipiki ipite.