Maji ya Kulishia Hamira

"Usiniite jirani," alisema Mama Pacha, ndoo tupu kaiegemeza kiunoni. "Jirani hauzi kisima."

"Sikukiuza, dada yangu. Nilisema tu," Povu alijibu.

"Ndiyo hivyo. Uliumbwa mdomo, masikio wakasahau."

Uani wakacheka. Povu hakucheka. Mafundi wa kiwanda walikuwa wanafunga kufuli kwenye mfuniko mpya wa chuma, na bomba nene kama paja lilitoka kisimani, likapita mbele ya milango yote hadi kiwandani.

Miaka kumi na mmoja Povu alikuwa kibarua wa kulisha hamira inayogeuza molasi kuwa spiriti ya kuendeshea magari. Povu la kazini ndilo lililompa jina. Hamira yenye njaa aliijua kwa pua: hunuka yai viza. Mwezi uliopita pipa la kukuzia hamira lilipolala doro, aliongezea madumu mawili ya maji ya kisima cha uani, yale machungu yanayoacha ukoko mweupe sufuriani. Kesho yake pipa lilifura kama limetukanwa.

Angenyamaza. Lakini alikuwa na uchu wa ajira ya kudumu, akamweleza meneja yote, hata kina cha kisima. Maabara wakapima: magnesiamu tele, madini yaleyale hamira iliyokuwa ikiyalilia. Meneja akampigapiga begani. "Umetusaidia sana, mzee."

Asubuhi ya leo, Povu mikono imo kwenye molasi, msimamizi alikuja akiangalia simu yake. "Bomba litalisha hamira lenyewe. Wewe nenda kapumzike."

"Hata mimi wamenifukuza," Povu aliwaambia sasa.

Mama Pacha ndiye aliyetangulia kucheka, kisha uani kote.

"Afadhali," alisema. "Tungekuona unakwenda kazini kila siku, hasira ingetuua kabla ya kiu."

Walipotawanyika, Povu alikaa juu ya bomba. Maji yalikuwa yanapita chini ya mapaja yake, baridi, yana haraka. Kwa Mama Pacha sahani ziligongana, watu walicheka, maharage yaliyopikwa kwa maji ya mwisho ya jana yalinukia. Pazia likasogezwa.

"We Povu. Ingia ule, usije ukanifia mlangoni."

Aliinuka, molasi imemkaukia hadi viwikoni, vidole vimegandana.

"Ila maji ya kunawa," alisema Mama Pacha, bado kashika pazia, "uje nayo."