Sauti Iliyopanda Jukwaani

Saa mbili na nusu asubuhi Binti wa Maabara alikuwa kwenye foleni ya usajili, akisubiri kitambulisho cha kuvaa shingoni. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, lakini jina la Binti lilimganda tangu siku aliyoajiriwa, na Taasisi nzima ilimwita hivyo, hata mlinzi kijana wa umri wa mwanawe. Mkobani alikuwa na kadi mia moja alizochapisha kwa pesa yake. Mkurugenzi alishamwambia: "Kongamano si makaratasi. Kongamano ni watu. Jenga mahusiano."

Makaratasi yenyewe aliyaandika Binti. Miaka mitano alikinga maji ya mabomba katika shule sitini, akayapima, akakuta mabomba ya zamani yanawanywesha watoto madini ya risasi. Lakini Taasisi ilikuwa na desturi yake: mdogo huandika, mkubwa husoma. Na kwa kuwa Mkurugenzi hakupenda kusoma chochote kirefu kuliko ujumbe wa simu, alimwomba Binti amsomee garini asubuhi hiyo. Alimsomea mara tatu, njia nzima, akimwonyesha pa kuweka mkazo. Mara ya tatu koo lilimkauka. Walipofika getini hakuwa na sauti kabisa.

Alidhani ni vumbi. Kilichomtia wasiwasi ni Mama Mkuu, mkuu wa maabara kubwa kuliko zote za maji, aliyekuwa amempigia simu mara nne kuhusu nafasi ya kazi. Hawakuwahi kuonana. "Sura yako siijui, mwanangu," alimwambia mara ya mwisho, "ila tukikutana kongamanoni nitakutambua kwa sauti."

Saa nne Mkurugenzi alipanda jukwaani, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Binti wa Maabara, nyembamba, yenye kutetemeka kidogo kila ilipotaja watoto. Fundi mitambo alirekebisha kipaza sauti, akarudi kwenye chai yake.

"Si sauti ya yule binti wenu hiyo?" mtu wa mstari wa nyuma alimuuliza dereva wa Taasisi.

"Ndiyo yenyewe."

"Inamkaa vizuri."

"Mimi bosi wangu alinichukulia kivuli," alisema mzee mmoja, fundi wa pampu. "Nimeshazoea. Ila jua likiwaka wajukuu wananicheka."

Ukumbi ulisimama kupiga makofi. Binti wa Maabara naye alisimama, kwa hasira, akapiga makofi kwa kuwa mikono ndiyo iliyobaki.

Wakati wa chai Mama Mkuu aliifuata sauti hadi kwa Mkurugenzi, akamkumbatia. Binti alijipenyeza kati yao, akaandika nyuma ya kadi yake: *Sauti ni yangu. Ni mimi uliyenipigia simu.*

Mama Mkuu aliisoma, akavua miwani.

"Najua, mwanangu. Nimekuona ulivyokuwa ukichezesha midomo huko nyuma. Pole sana. Lakini ile kazi ni ya kusimama mbele ya mawaziri na kuongea. Nitamchukua bubu nikawaambie nini?"

Kadi hiyo aliiweka mezani, chini ya kikombe chake, chai isichafue kitambaa. Kadi tisini na tisa zilirudi nyumbani na mwenyewe.

Jumatatu Binti alipeleka malalamiko kwa afisa utumishi, kurasa mbili. Afisa alizisoma zote, maana alikuwa mtu makini.

"Sauti ilihama saa za kazi," alisema, "ndani ya gari la Taasisi, kwa mafuta ya Taasisi. Kwa hiyo ni mali ya Taasisi. Na kwa kawaida, dada yangu, malalamiko huwa tunayapokea kwa mdomo."

Nje, dereva alimpa pole ya kweli. "Mwenye nguvu mpishe," alimwambia. Binti alimtazama kwa jicho ambalo lingekuwa na sauti lingemtukana.

Mwezi uliofuata Mkurugenzi aliteuliwa mkuu wa kitengo kule kwa Mama Mkuu, akaomba ahamishwe pamoja na Binti, kwa kuwa mtu wa kuandika alihitajika. Mabomba ya zile shule hayakuguswa. Watoto waliendelea kukinga maji kwa viganja.

Mama mzazi wa Binti alikuwa amezoea kumpigia mwanawe kila Jumapili. Majuma mawili alisikia pumzi tu, akalia. La tatu akapewa na dereva namba ya Mkurugenzi, ilikohamia sauti.

Jumapili iliyofuata Binti alikuwa ofisini, akichapa hotuba ya kongamano jingine. Simu ya Mkurugenzi iliita mezani. Mkurugenzi alimwashiria kwa kidole aache kuchapa, ni kelele, kisha akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Afadhali nikusikie. Umekula?"

"Nimekula, mama. Nimeshiba."

Binti wa Maabara hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi. Alisubiri waagane, akaendelea kuchapa.