Wageni wa Haidrojeni

Wambeti aliingiza kichwa na mabega ndani ya pipa, akasugua. Sabuni ya unga ilimchoma macho. Tope jeusi lililokuwa limejaa humo alikuwa amelimwaga mtaroni tangu asubuhi, ndoo baada ya ndoo, na uvundo wake ulikuwa umemganda nywelani. Sasa pipa lilinukia maua. Alilisuuza kwa dawa ya kuua viini, akaliinamisha juani likauke.

Kesho yake wageni wangekuja. Injinia Nthiga, msimamizi wa mtambo wa gesi, alikuwa amesema kila kitu kisafishwe. Pale kijijini Kanja amri kama hiyo haihitaji maelezo. Mgeni akitarajiwa, hata zizi la ndama hufagiliwa.

Nthiga alirudi kutoka Embu mjini jioni. Alilitazama pipa, kisha mtaro.

"Mama, tope lililokuwa humu liko wapi?"

"Nilimwaga, Injinia. Lilikuwa limeoza."

"Limeoza!" Alicheka bila furaha. "Hao ndio walikuwa wafanyakazi wangu, mama. Wewe ulikuwa unawaletea chakula tu."

Wambeti alikuwa amebeba migomba iliyokatwakatwa na maganda ya kahawa kwa mwaka mzima, na sasa ndipo alipoelezwa kazi yake. Ndani ya tope lile waliishi bakteria. Hula takataka hizo mahali pasipo hewa, nao hutoa gesi ya haidrojeni. Tangi kuu lilikuwa limeondolewa vyote vilivyomo ili lipakwe rangi kwa ajili ya wageni, na mbegu yote ya bakteria ilikuwa imehifadhiwa katika pipa. Kuotesha nyingine kungechukua majuma.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeelewa?"

Wambeti aliiokota ndoo yake. Mtambo ulisimama juu ya shamba lake. Alikuwa ameipa kampuni sehemu kubwa ya ardhi aliyoachiwa na marehemu mume wake, kwa mkataba wa miaka thelathini. Badala yake aliahidiwa kazi, na bomba la gesi hadi jikoni kwake. Kazi aliipata. Jikoni bado alipika kwa kuni.

"Sikiliza," Nthiga alisema, akishusha sauti. "Nimeleta mtungi wa gesi ya kupikia. Mtungi utafichwa nyuma ya ukuta. Kesho utawasha jiko, utapika chai, na utasema gesi imetoka kwa tangi."

"Mimi ni mama wa kanisa, Injinia."

"Hata mimi huenda kanisa. Ukikataa, nitawaambia aliyeua mradi ni nani. Kazi itaisha. Na shamba halirudi."

Wageni walifika wakiwa wamevaa viatu vya mjini, wakaketi chini ya hema. Majirani walisimama juani. Nthiga aliwaeleza habari za bakteria kwa muda mrefu na kwa ufasaha. Kisha Wambeti, akiwa na aproni mpya ya kampuni, alikwaruza kiberiti. Moto ulishika, wa buluu, imara. Watu wakapiga makofi. Mfadhili mmoja alionja chai akasema kwamba haidrojeni ya Kanja ni tamu, na hema zima likacheka.

Tangazo likafuata. Kampuni ingejenga matangi mengine. Wenye mashamba ya jirani waliotaka kutoa ardhi waliombwa wabaki.

Beth, mjane mwenzake Wambeti ambaye mashamba yao yalipakana, alimvuta kando.

"Wambeti, usinichezee. Hawa wavaa tai nawajua. Hiyo gesi inatoka kweli kwa migomba? Ukisema ndiyo, natoa shamba. Ukisema hapana, naenda zangu kukamua ng'ombe."

Nyuma ya bega la Beth, Nthiga alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Alikuwa akiipuliza chai yake, akimtazama.

"Inatoka," Wambeti alisema.

"Haki ya Mungu?"

"Si umeona moto mwenyewe?"

Beth alimpiga kofi la mgongo. "Kumbe umeshakuwa tajiri na umetunyamazia! Mbaya wewe!"

Jumatatu wapimaji walichomeka vigingi katikati ya mibuni ya Beth. Beth hakungoja vibarua. Wambeti alipokuwa akipita kwenda kazini, alimkuta amekwisha kuangusha mstari mzima wa mibuni aliyoipanda na mumewe mwaka wa ndoa yao. Matawi yalikuwa yamelala chini na buni mbichi zikiwa zimejaa juu yake.

"Njoo unisaidie!" Beth aliita. "Injinia amesema pakiwa wazi mapema, bomba langu litakuja mapema."

Akamnyooshea panga la pili. Wambeti aliweka mkoba chini, akalipokea. Aliinama, akashika shina, akakata. Nyuma yake Beth aliuliza, huku akihema, kama ni kweli kwamba kwa gesi ile sufuria haziingii masizi.

"Haziingii," Wambeti alisema, akahamia mbuni uliofuata.