Sufuria Mbili za Kimulot

Mchungaji Kipchirchir alipowatangazia waumini wake wa Kimulot kwamba amerudi shule kusomea shahada ya uzamili katika theolojia ya vitendo, Mzee Kiptanui, mkubwa wa wazee wa kanisa, aliuliza: "Na ile theolojia ingine ni ya nini, Pasta? Ya kulala?"

Kanisa zima likaangua kicheko, naye mchungaji akacheka, ingawa aliona mzee amegusa penyewe. Masomo hayo yalimtaka mchungaji achague kidonda kimoja cha kanisa lake mwenyewe, akiandike kwa ukweli, kisha mwalimu wake aje akione kwa macho.

Kidonda hakikuwa mbali. Kilikuwa jikoni. Miaka minne nyuma, siku ya harambee, Chelimo alionja chai ya Yunia mbele ya askofu, akasema hayo ni maji ya kusuuzia vikombe. Yunia, ambaye wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma majani chai, aliinua sufuria yake bila neno akaenda kuwasha moto wake mwenyewe. Tangu siku hiyo kanisa moja likawa na sufuria mbili. Wanywaji wa chai ya Chelimo waliketi kulia, wa Yunia kushoto. Ugomvi wa chai, katika nchi ambayo chai imeota hadi mlangoni! Ungecheka, lau usingemwona Yunia akimzika mamake bila Chelimo kukanyaga ua wake. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini hivi vilikuwa vimekataa hata kukaa pamoja.

Kipchirchir aliandika yote, akasubiri. Jumapili moja akatangaza: "Wiki ijayo mwalimu wangu, Daktari Metrine, anakuja kunipima. Msibadilishe kitu. Mkae tu vile mnakaa."

Hapo ndipo alipokosea. Watu wa Kimulot wakisikia mgeni yuaja, hata mbuzi huogeshwa, sembuse mgeni wa kumpima mchungaji wao! Mzee Kiptanui aliita mkutano, mchungaji hakuitwa.

Jumapili ilipofika, Kipchirchir alimwingiza Daktari Metrine kanisani, akakwama mlangoni. Watu walikuwa wameketi mchanganyiko, wakishikana mikono na kutabasamu mpaka mashavu yakawauma. Baada ya ibada alimpeleka jikoni. Moto mmoja. Sufuria moja. Chelimo na Yunia walikuwa bega kwa bega, mmoja akikoroga, mwingine akimimina maziwa.

"Mchungaji," Daktari aliuliza polepole, "ziko wapi zile sufuria mbili?"

"Mbili?" akadakia Mzee Kiptanui. "Kanisa dogo hivi, mbili ya nini, Daktari? Hapa sisi ni upendo tu."

Kipchirchir alijua kwamba chuoni kwao mwanafunzi aliyetunga utafiti wa uongo alifukuzwa. Masomo yake yote yalikuwa yanazama mbele ya macho yake, na waliokuwa wakimzamisha ni watu waliompenda.

"Ongeza maziwa," Chelimo alinong'ona kupitia meno.

"Ikizidi itakuwa uji. Wewe cheka, mgeni anatuangalia."

"Si nacheka?"

"Hiyo si kucheka, hiyo ni kuumwa na jino!"

Chelimo akajaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka cha kweli, kikamshika na Yunia, wakaegemeana huku mwiko ukizama kwenye chai. Daktari Metrine, ambaye hakuwa mtoto wa jana, akauliza, "Akina mama, mmepika pamoja tangu lini?"

Yunia akamtazama Chelimo.

"Tangu asubuhi," Chelimo akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mwalimu, tusidanganye katika nyumba ya Mungu. Pasta ameandika ukweli. Tuliogopa ataanguka kwa sababu yetu." Akamgeukia mwenzake. "Yunia, siku ya kuzika mama, nilifika mpaka kwa geti. Nikaona aibu, nikarudi."

"Nilikuona," Yunia akasema. "Nilingoja uingie."

Wakakumbatiana hapohapo, masizi na yote. Watu wakapiga vigelegele, chai ikagawiwa ikaisha, mchungaji asipate hata tone. Wala hakujali.

Akimsindikiza Daktari, aliuliza kwa woga, "Sasa nimepita?"

"Leo walikuwa na mgeni," alijibu Daktari Metrine. "Sura yako ya mwisho ni Jumapili ijayo, mimi nikiwa sipo. Uandike utakachokikuta, hata kikikuuma."

Wiki hiyo Kipchirchir hakula vizuri. Jumapili alipanda mlima kwenda kanisani mapema, na kabla hajafika aliona moshi wa jikoni ukipanda sehemu mbili. Moyo ukamshuka hadi kwenye viatu. Akaingia jikoni akiwa ameshaanza kuitunga moyoni ile sentensi chungu.

Mioto ilikuwa miwili kweli. Chelimo alikuwa akikoroga sufuria ya Yunia, na Yunia ile ya Chelimo.

"Pasta, mbona unatukazia macho?" Yunia akasema. "Ile moja ilikuwa ndogo. Si wewe mwenyewe ulikosa kikombe?"

Chelimo akamchotea, akampa kwa mikono miwili. "Onja, halafu uende uandike."

Kipchirchir alionja, akaonja tena, na hakuweza kujua ni chai ya nani.