Alhamisi Saa Kumi Katika Jumba Tupu

Julai nzima jumba letu la mikutano lilikuwa limefungwa, na kila Alhamisi saa kumi jioni lilikula umeme.

Niliona jambo hilo kwenye grafu ya mita mwezi Agosti, nikiwa ofisini na kikombe cha tatu cha kahawa. Mstari ulikwenda chini chini, umetulia kama ziwa lisilo na upepo, kisha Alhamisi ukapanda ghafla, ukakaa juu kwa saa tatu, ukashuka. Alhamisi iliyofuata, vilevile. Alhamisi tano, vichuguu vitano, vyote kimo kimoja: kilowati kumi na nane. Nani alikuwa akitumia umeme ndani ya jengo lililofungwa kwa kufuli, mwezi ambao Finland nzima iko kwenye vibanda vya kando ya maziwa, inavua samaki na kugombana na mbu?

Kazi yangu ni kuupima mji. Ipo orodha ya kimataifa inayoshindanisha miji inayopokea watalii na mikutano: nani anakaribisha wageni bila kuharibu maji, hewa na maisha ya wenyeji. Dodoso lake lina maswali zaidi ya sabini. Hoteli ngapi zina cheti cha mazingira? Mabaki ya karamu yanakwenda wapi? Mgeni mmoja wa mkutano anatumia umeme kiasi gani kwa siku? Mwaka uliopita tulikuwa wa tisa. Mwezi Mei nilisimama mbele ya baraza la mji nikatangaza kwamba mwaka huu tunaingia tano bora. Sikusema kwa unyenyekevu. Gazeti la mji likaandika hivyo kwa herufi kubwa, na picha yangu nimekunja mikono kama bondia.

Sasa, ili ujue mkutano umekula umeme kiasi gani, lazima kwanza utoe kile ambacho jumba hula likiwa tupu. Ndiyo maana niliihitaji Julai. Jumba lile hupokea karibu nusu ya wageni wetu wa mikutano. Umeme wake usipoeleweka, wakaguzi wa orodha hiyo wanalifuta lote kwenye hesabu, na tano bora yangu inafutika nalo. Ripoti ilitakiwa Ijumaa ya wiki ile.

Nilimwandikia Arvi Kuusela, msimamizi wa jengo kwa miaka ishirini na saba. Akajibu kwa maneno matatu: "Julai hakuna kinachowaka."

Jumatatu nikaenda mwenyewe.

"Ilmo, wewe ndiye wa gazetini," Arvi alisema akinifungulia mlango wa nyuma. "Kwenye picha ulikuwa mrefu zaidi."

"Na wewe kwenye barua pepe ulikuwa na maneno machache zaidi."

Akacheka, akavaa miwani, akaichukua grafu. Aliiangalia muda mrefu, kidole kikipita juu ya vichuguu kimoja baada ya kingine. Nilimwona akichangamka. Mtu ameishi na jengo robo karne, kumbe jengo lina siri.

"Huyu ni mwizi," akasema. "Tena mwizi mwenye ratiba. Njoo."

Tulizunguka siku mbili. Majokofu ya jikoni yalikuwa na rekodi: yalizimwa tarehe thelathini Juni, milango wazi. Feni za paa zilizimwa. Tulishuku ngazi za umeme, tukashuku mashine ya barafu, tukamshuku jirani mwenye gari la umeme. Arvi aliandika kila kitu chenye waya, kwa penseli, bila kuruka. Vitu mia mbili na kumi na nne. Mashine za kahawa thelathini na moja. Taa za jukwaa. Kikausha mikono. Hata kifaa cha kukanda miguu kilichosahauliwa na kongamano la madaktari wa meno.

"Hiki nacho?" niliuliza.

"Umesema kila kitu."

Jumatano alasiri orodha ilikamilika, na hakuna hata kimoja kilichofika kilowati kumi na nane peke yake.

"Basi kesho," nikasema. "Saa kumi kamili tusimame wote wawili kwenye chumba cha umeme. Kikiwaka tu, tunakikamata."

Arvi akakuna shingo. "Kesho saa kumi siwezi. Labda saa moja."

"Saa moja kitakuwa kimezimika! Una shughuli gani?"

"Alhamisi? Sauna." Ndicho chumba cha mawe ya moto na mvuke ambamo kila Mfini huoga kila wiki.

"Ahirisha."

"Siwezi kuahirisha, mimi ndiye ninayeiwasha. Watu wanakuja."

"Unaiwashia wapi?"

"Hapa chini," akasema, akionyesha sakafu kwa penseli. "Chini ya jukwaa."

Nilihesabu moyoni mpaka tano, kwa sababu damu yangu hupanda haraka.

"Arvi. Julai pia?"

"Kwani Julai watu hawaogi?"

"Uliniandikia hakuna kinachowaka!"

"Hakuna mashine inayowaka."

"Jiko la sauna si mashine? Umeniandikia kikausha mikono, mzee! Umeniandikia kikanda miguu!"

"Usinipigie kelele, kijana." Hakuwa amekasirika, alikuwa ameduwaa kweli, na penseli imesimama hewani. "Sauna ni sauna. Nani anaandika sauna kwenye orodha? Utaniambia niandike na ukuta."

Nilicheka hadi nikaketi kwenye ngazi. Kisha kicheko kikakatika.

Fomu ya umeme, ile ambayo hoteli za mji ziliijaza mwaka uliopita na mwaka huu, niliitunga mimi. Niliuliza lifti. Niliuliza televisheni, mashine za kufulia, bwawa la kuogelea. Mimi, ninayekwenda sauna Jumanne na Jumamosi tangu sijajua kutembea, sikuuliza sauna. Na hoteli arobaini na sita, zinazoongozwa na Wafini arobaini na sita, hazikugundua kwamba swali halipo.

Nikaanza kupiga simu palepale ngazini.

"Sauna?" alisema mama wa hoteli ya stesheni. "Zetu nne. Kwani mlikuwa hamjui?"

"Zinawaka saa ngapi?"

"Kuanzia saa sita mchana."

"Nani anaoga saa sita mchana?"

"Sasa hilo, mwanangu, sijawahi kujiuliza."

Kufikia Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa na majiko mia moja thelathini na tatu ambayo mji wetu haukuwahi kuyahesabu. Umeme wa kila mgeni ulipanda kwa karibu sehemu moja ya kumi. Nafasi ya tisa ya mwaka uliopita ilikuwa imejengwa juu ya hesabu pungufu. Tano bora ilikuwa imekufa.

Tuulikki, mkuu wangu, alisoma karatasi mara mbili.

"Wapinzani wetu wa Helsinki wameandika sauna zao?"

"Sijui."

"Waulize."

"Nikiwauliza, watajua tulizisahau."

"Na usipouliza, hakuna atakayejua." Akavua miwani. "Siyo kwamba nakushauri. Jina lililoko gazetini ni lako, na sahihi ni yako. Amua."

Saa kumi nikashuka chini ya jukwaa, na kipima umeme mkononi. Wanawake walikuwa na zamu ya kwanza: wafagiaji, wauza tiketi. Wakatoka wekundu, wakicheka, wakanipita. Kisha sisi: mafundi wa taa, wabeba seti za jukwaa, wastaafu watatu. Arvi alimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukatubana masikio.

"Tuko wangapi?" niliuliza gizani.

"Kumi na mmoja. Wanawake walikuwa kumi na watatu."

"Hata kwenye sauna anahesabu," mtu akasema kutoka benchi la juu. "Mpe kikanda miguu huyu."

Lakini nilikuwa nimeshika kitu. Watu ishirini na wanne, saa tatu, moto mmoja. Hoteli ya stesheni iliwasha majiko manne kuanzia mchana, siku saba, na mama yule aliniambia kwamba Jumanne usiku walioga wageni sita. Kwa nini sijawahi kupima joto kwa kila mwogaji? Je, hoteli zingegawa zamu kama Arvi, majiko mangapi yangezimwa, na mgeni asikose chochote? Nilitoka nikiwa na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo, na sikuwa na jibu la hata moja.

Ijumaa nilituma ripoti, na majiko yote mia moja thelathini na tatu ndani yake, pamoja na la Arvi. Niliambatanisha barua ya kusahihisha mwaka uliopita. Kisha nikalipigia gazeti.

"Kwa hiyo tano bora hatuingii?" mwandishi aliuliza.

"Hatuingii. Na ya tisa hatukuistahili. Andika kwamba nilikosea mimi, si wahudumu wa hoteli. Jina langu liandike lote, kwa herufi zilezile za Mei."

Nilisikia akichapa. Kisha kuchapa kukasimama.

"Ilmo," akasema, sauti imeshuka. "Sisi hapa mwaka jana tuliandika habari ndefu kuhusu umeme wa jengo letu. Unajua, ghorofa ya sita tuna sauna..."

"Kilowati ngapi?" nikauliza, nikatafuta kalamu.